Tulivyotafuta Mahali pa Kuogopea

Boksi lilitoka kwenye mitumba ya soko la Mirongo, Mwanza. Soko huria lilikuwa bado jipya, na kila robota lililofunguliwa lilikuwa bahati nasibu. Mama mdogo wangu alinunua robota la vitu vya watoto akitegemea wanasesere na vigari, akakuta katikati yake boksi pana lenye picha ya ngome, mwezi, na bwana mmoja mwenye meno marefu. Akaniletea mimi kwa sababu, alisema, katika ukoo mzima hakuna anayependa vitu visivyo na faida kama mimi.

Hakukosea. Ndani mlikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza, ramani, karatasi tupu, na dadu za ajabu, nyingine zina pande nne, nyingine zina pande nyingi mpaka zimekaribia kuwa gololi. Kila jioni nikitoka kiwandani nilikaa na kitabu kile na kamusi, mpaka nikakielewa. Ulikuwa mchezo wa kusimulia. Watu wanakaa kwenye mkeka, mmoja wao ni msimulizi, na wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi. Msimulizi anaeleza mahali na yanayotokea. Mchezaji anasema mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa gumu, dadu zinaamua kama amefaulu. Hakuna anayemfunga mwenzake. Mkasa mmoja unaweza kuchezwa wiki kwa wiki, miezi hata miezi, na mikasa ya boksi hili kazi yake ilikuwa moja tu, kutisha.

Nilijipa usimulizi bila kumuuliza mtu. Kiwandani nilikuwa nakata minofu ya sangara, nimevaa buti nyeupe na kofia ya kufunika nywele, kwenye ukumbi wa baridi ambamo mashine zinaunguruma kiasi kwamba ukisema neno, mwenzako anaona midomo tu ikicheza. Nilikuwa nashinda kutwa nzima sijasema kitu. Nyumbani nako nilikuwa mtu wa kukatizwa. Kwenye mkeka ule, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, niliposema "mlango unafunguka" watu walisubiri nimalize. Nilipenda hali ile kuliko nilivyopenda kula.

Wachezaji wangu walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa dada mmoja Mhaya, karani, ambaye alikuwa amesoma na hakutaka mtu yeyote asahau. Wa pili alikuwa kijana Mkerewe, fundi wa mitumbwi kule ufukweni, mpole, mwenye maswali mengi. Wa tatu alikuwa mpangaji wa mama mdogo. Huyu alifanya kazi kwenye banda la video. Alisimama pembeni ya televisheni na kuwaeleza watazamaji kwa Kiswahili yale yanayosemwa kwenye sinema, na mengi ambayo hayakusemwa pia. Alikuwa na sauti ya kuita basi lililokwisha kuondoka, na alijua kuitumia.

Tulicheza uani kwa mama mdogo, Buzuruga, tukitenganishwa na stendi kwa ukuta mmoja wa tofali. Ilikuwa lazima tucheze Jumapili alasiri. Mama mdogo hakutaka watu waondoke kwake giza limeingia, na umeme ulikuwa wa kukatikakatika. Kwa hiyo nilitakiwa kuwatisha watu wazima jua likiwa juu ya bati, wapiga debe wakigombania abiria nyuma ya ukuta, na harufu ya maharage ikitoka jikoni. Mwandishi wa kitabu kile, nadhani, hakuwahi kupewa kazi ngumu namna hiyo.

Nilianza na nchi ya kwenye boksi, yenye ngome na theluji. Nilieleza kwamba theluji ni kama ile barafu inayoganda kwenye friji, ila imeanguka kila mahali. Mkerewe akaniuliza watu wa ngome wanalima wapi kama ardhi imefunikwa. Sikujua. Nikaendelea. Nikawaingiza ndani ya ngome, kwenye ukumbi wenye giza, ambamo yule bwana wa meno marefu anaishi peke yake kwenye vyumba visivyohesabika.

"Peke yake?" Mhaya akauliza. "Mtu ana nyumba ya vyumba vyote hivyo, na hakuna hata ndugu mmoja aliyekuja kukaa?"

"Hana ndugu."

"Hapo unatudanganya. Mwenye nyumba kama hiyo hakosi ndugu."

Nikaleta mzimu. Niliueleza kwa makini, neno kwa neno kama kitabu kilivyotaka, jinsi unavyoteleza juu ya ngazi bila miguu. Mpangaji akainua mkono. "Kabla hatujakimbia, uulizeni kabila lake. Tusije tukawa watani, kumbe unatutania tu."

Walicheka mpaka Mkerewe akalala chali. Nilikasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, na siku ile nilifunga boksi na kuwaambia waende wakacheze bao. Lakini usiku kitandani nilijiuliza kama ningekuwa mimi nimekaa upande wao ningeogopa, na jibu lilikuwa hapana.

Jaribio la pili nililipeleka pwani, kwenye majini. Nilidhani majini hayana mpinzani. Mhaya aliniacha nieleze nyumba ya mawe na uvumba na mwanamke mrembo mwenye kwato, halafu akaniuliza nilifika pwani lini. Nikasema sijafika. "Basi unatutisha kwa vitu vya kuazima," alisema, na akaomba chai. Mkerewe, kwa upole wake, alitaka kujua jini wa pwani akija Mwanza atakuwa amefuata nini.

Kwa nini hawaogopi nilikuja kuelewa kazini. Siku moja mashine za baridi zilizimika ghafla. Ngurumo ile iliyokuwa masikioni mwetu tangu asubuhi ikakatika, na sisi wote, mezani kwetu kote, tukainua vichwa kwa pamoja, visu mikononi, tukatazamana. Hakuna lililotokea, fundi alikuja akaziwasha. Lakini nilihisi nywele za shingoni zimesimama, na nikajua kwa nini. Ngurumo ile tulikuwa tunaijua. Mtu hawezi kushtuka kwamba kitu kimeharibika mahali ambapo hajui kikiwa kizima kinakuwaje. Kwenye ngome ya theluji kila kitu kilikuwa kigeni, kwa hiyo mzimu nao ulikuwa kitu kigeni kimoja zaidi, kama theluji yenyewe. Nilitakiwa kuchagua mahali ambapo wachezaji wangu wanapajua mpaka harufu.

Nilikwenda Jumapili iliyofuata nimejaa maneno, lakini mpangaji aliniwahi.

"Mnahangaika bure," alisema. "Twendeni kijijini Usukumani. Nyumba ya mwisho, karibu na mbuga ya ng'ombe. Ndani anakaa bibi kizee mmoja, peke yake, macho mekundu. Usiku anatoka amepanda fisi. Nipeni mimi nisimulie."

Mhaya akasogea mbele. Mkerewe akaacha kutafuna. Niliona jinsi walivyoshikwa, na damu ikanipanda kichwani, kwa sababu bibi mwenye macho mekundu nilikuwa naye.

Mama yake mama mdogo, yaani bibi yangu, alikuwa anaishi Buswelu, ambako siku zile kulikuwa shamba zaidi kuliko mji. Maisha yake yote alikuwa amepikia samadi kavu na mabua ya pamba ndani ya jiko lisilo na dirisha, na moshi ulikuwa umemla macho. Miaka ile, kwenye vijiji vyetu, vikongwe wenye macho ya namna hiyo walikuwa wanauawa kwa mapanga. Mnyama akifa zizini, mtoto akiugua, watu wanaanza kutafuta macho. Majirani wa bibi walikuwa hawajamfanya kitu. Ila walikuwa wameacha kuwatuma watoto kwake kuomba moto, na bibi alikuwa ameliona hilo kabla yetu sote, akanyamaza. Kila Jumapili baada ya misa alikuja Buzuruga kupumzika kwa mwanawe, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Uani pale pale.

"Siyo bibi yako," mpangaji akasema alipoona uso wangu. "Ni mchezo tu, dada."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonitesa. Alikuwa kijana anayejua kitu gani kinauza, na kitu kile kilikuwa kinauza. Watu wa stendi na majirani walikuwa wameshaanza kuja kusikiliza michezo yetu, na wengi wao walikuwa na ndugu Buswelu. Kama mkasa ule ungechezwa kiangazi kizima, kila Jumapili, kwa sauti ile, watu wangekwenda nyumbani na hadithi ya bibi wa nyumba ya mwisho kichwani, halafu wangepita mbele ya nyumba ya bibi yangu. Nilimwendea mama mdogo nikamwambia amkataze.

Mama mdogo alikuwa anapembua mchele. Hakuinua kichwa. "Nikimkataza atakwenda kuisimulia bandani, kwa watu wengi zaidi, na itakuwa tamu zaidi kwa sababu imekatazwa. Huyo ni mama yangu kabla hajawa bibi yako, kwa hiyo usidhani sioni. Mshinde hapa hapa."

"Nimshindeje? Sauti yenyewe unaijua."

"Kama tulivyokuwa tunashindana sisi."

Ujana wake, kabla hajaolewa mjini, mama mdogo alikuwa mcheza ngoma. Kwetu Usukumani, baada ya mavuno, vyama viwili vya ngoma hukutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watu wako huru kwenda huku na huku, na mwisho wa siku chama chenye umati ndicho kilichoshinda. Wacheza ngoma wanaweza kufanya lolote kuvuta watu, waje na nyoka, wajipake chokaa, wapande juu ya nguzo. Walioshindwa wanabaki wakicheza mbele ya vumbi, na aibu ile, mama mdogo alisema, inaweza kumhamisha mtu kijiji.

Akawaita wote na kutoa masharti. Mikeka miwili, wasimulizi wawili, wakati mmoja. Atakayebaki na watu ndiye atakayechagua mkasa unachezwa wapi kiangazi chote. Atakayeshindwa ataiacha hadithi yake kabisa, hapa na bandani, na atakuja kucheza kwenye ya mwenzake. Mpangaji alikubali akicheka. Angeogopa nini?

"Dawa ya mvuto sina," mama mdogo aliniambia baadaye. "Zamani tungekutafutia. Lakini mcheza kwao hutunzwa."

Kwao wapi? Hilo ndilo nililolichekecha wiki nzima nikiwa na kisu mkononi. Mpangaji alikuwa ameshachukua kijiji. Mjini kulikuwa na kelele mno. Halafu nikakumbuka likizo zangu za utoto kwa shangazi, kwenye kambi ya dagaa katika kisiwa kimoja, mchanga umefunikwa dagaa walioanikwa mpaka ufukwe unang'aa kama bati jipya. Nikajiuliza nani katika wale watu hapajui mahali hapo. Mkerewe amezaliwa kwenye dagaa. Mhaya, pamoja na elimu yake, amekulia ng'ambo ya ziwa lile lile. Mama wa Buzuruga na mpiga debe, kila mmoja amewahi kusimama kwenye mwalo, mitumbwi ikishusha, akinunua kwa debe, akiwa amejifunika pua. Wanajua wanawake wanavyowageuza dagaa, wanajua nani anafukuza ndege, wanajua inzi. Niliweka sheria mbili tu. Ndani ya mkasa wangu hakuna mchawi, na hakuna mtu anayetisha kwa sababu ya sura yake.

Mhaya nilipomweleza alinitazama kwa huruma. "Dagaa, mdogo wangu? Utawatisha watu kwa dagaa?"

"Utakuja kwenye mkeka wangu au hutakuja?"

"Nitakuja. Siwezi kukuacha uaibike peke yako."

Jumapili yenyewe ilikuwa ya jua kali. Uani palijaa watu wa kanisani waliokuwa bado wamevaa nguo zao nzuri, wapiga debe waliokimbia kivuli kidogo cha stendi, na mama mmoja jirani aliyekuwa anasukwa, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, na mtoto wake mdogo kando. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake. Mpangaji alitandika mkeka karibu na ukuta, penye kivuli, akiwa na rafiki zake wawili wa bandani kama wachezaji. Mimi nilipewa upande wa jikoni, na Mhaya na Mkerewe.

Alianza kabla yangu, na alianza vizuri, siwezi kusema uongo. Alilia kama bundi. Alicheka kama fisi, na watoto wakajificha nyuma ya mama zao kwa raha. Alipiga ukuta kwa kiganja ikawa nyayo za mnyama. Watu wakamzunguka tabaka juu ya tabaka. Kwangu hakukuwa na mtu hata mmoja aliyesimama. Halafu akafika kwenye ile nyumba ya mwisho, akashusha sauti, akasema mlango umefunguka na ndani ya giza kuna macho mawili, mekundu.

Nikaona vichwa vinageuka. Siyo vyote, vichache, kwa kuibia, kuelekea kwenye kigoda. Yule mama aliyekuwa anasukwa akamvuta mtoto wake kwa bega na kumhamishia upande wa pili. Bibi alikuwa anafuta macho kwa ncha ya khanga, kama alivyofanya siku zote, na aliona. Akaishusha khanga mapajani na kuacha macho yatoe machozi.

Sijawahi kukasirika namna ile, wala kabla wala baadaye. Lakini hasira ikinishika sana mimi siongezi sauti, naipunguza, na nadhani ndicho kilichoniokoa.

"Mtumbwi wenu umegusa mchanga," niliwaambia wachezaji wangu. "Ni asubuhi. Jua limetoka. Kambi iko mbele yenu, vibanda vya nyasi, na dagaa wameanikwa tangu majini mpaka kwenye mawe."

"Nashuka," Mkerewe akasema. Mtu wake kwenye mchezo alikuwa fundi, kama yeye. "Natafuta wanawake wanaowageuza."

"Hawapo."

"Wamekwenda kunywa chai. Sawa. Nani anafukuza ndege?"

"Hakuna anayefukuza."

"Basi wanaliwa. Ndege ni wengi?"

"Wengi. Korongo, kunguru, yangeyange. Wote wako juu ya mawe."

Mkerewe alikuwa ameshika dadu. Akaiweka chini polepole. "Dagaa wameanikwa chini, hakuna mtu, na ndege wako juu ya mawe?"

"Ndiyo."

"Hawashuki?"

"Hawashuki. Wamewageukia nyinyi. Wanawatazama."

Mkerewe alisogea nyuma kidogo. Alikuwa mtoto wa kisiwani; alijua kwamba korongo haachi dagaa hata umpige. Nyuma yake mpiga debe mmoja, aliyekuwa amekuja kwetu kutafuta maji ya kunywa, akasimama na kikombe mkononi. "Na inzi?" akauliza. Nikamwambia inzi hakuna. Akamwita mwenzake kwa kidole.

Mhaya alijaribu kutuokoa sote kwa elimu. "Lazima kuna maelezo. Labda dagaa wametiwa sumu." Mtu wake alikuwa binti wa darasa la sita, aliyekuja kisiwani kumtembelea baba yake. "Naenda kwenye kibanda cha kwanza. Napiga hodi."

"Mbele ya kibanda amekaa mzee anafuma wavu. Ni mzee kweli, kichwa cheupe chote. Anakuona. Anauweka wavu pembeni. Anasimama, anakuja mpaka mbele yako." Nilikuwa nasema taratibu mno, na wanawake wawili kutoka upande wa pili walikuwa wamesogea ili wasikie. "Anapiga goti mchangani. Anainamisha kichwa. Anasema, shikamoo."

"Amemwambia nani?" mwanamke mmoja akauliza.

"Huyu binti," mpiga debe akamjibu. "Wa darasa la sita."

"Mzee amempigia goti mtoto?"

"Na shikamoo amempa."

Habari ile ilipita kwenye umati kama maji kwenye mchanga. Niliona migongo inageuka kwenye mkeka wa ukutani, mmoja, halafu mwingine, halafu kundi. Kila aliyefika aliuliza, na kila aliyeulizwa alieleza kwa sauti ya chini, na mimi sikuhitaji kusema chochote. Mhaya alikuwa anatazama dadu kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Usiitikie," akasema yule mama mwenye nusu kichwa. Alikuwa amemwacha msusi wake.

"Asipoitikia si atakuwa hana adabu?"

"Akisema marahaba, amekubali kwamba yeye ndiye mkubwa. Mkubwa wa mzee yule ana umri gani?"

"Basi na yeye ampe shikamoo."

"Shikamoo kwa shikamoo? Umewahi kusikia wapi?"

Walibishana kama watu waliokuwepo. Nyuma yao sauti ya mpangaji iliendelea kupanda, fisi akacheka, bundi akalia, ukuta ukapigwa. Debe tupu, nilijisemea, na nikajiona nina roho mbaya, na nikafurahia. Halafu kigoda kikaburuzwa. Bibi alikuwa amekibeba mwenyewe, amekuja kukiweka kwenye ukingo wa mkeka wangu, na watu walimpisha bila kumtazama kwa sababu wote walikuwa wanamtazama Mhaya.

Mhaya akamgeukia. Sijui kama alikumbuka kwamba ni mchezo. Aliinamisha kichwa kama binti anayeongea na mkubwa. "Bibi, nimwitikie?"

Bibi alifikiri. Hakujua sheria za boksi, hakuwahi kushika dadu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kupanda na kushuka kama Kisukuma. "Usimwitikie halaka," alisema. "Mulize kwanza, alikufa lini."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia maharage yakichemka. Mpiga debe aliweka kikombe chini bila kukitazama, kikapinduka. Na katika ukimya ule niligundua kwamba fisi wa ukutani naye amenyamaza. Mpangaji alikuwa amesimama nyuma ya watu, mkeka wake ukiwa na rafiki mmoja tu, naye amesinzia. Mama mdogo aliliinua boksi kutoka barazani, akapita katikati ya watu, akaliweka mbele ya magoti yangu, akarudi jikoni kwake.

Mpangaji akanyanyua shingo. "Sasa mzee kajibu nini?"

"Kaa chini kwanza," bibi akamwambia. "Unatuzibia upepo."

Akakaa. Nilikuwa nimeandaa jibu tangu kiwandani, jibu zuri la kaburi na mvua. Nililiacha. Bibi alikuwa amenipa kubwa zaidi, na niliweza kuliona lote, ndege na goti na ile asubuhi yenye jua.

"Mzee anainua kichwa," nikasema. "Anashangaa. Anasema, 'Mimi? Mimi bado niko hai, mama. Nyinyi ndio tuliowazika. Ndiyo maana nawaamkia.'"

Mkerewe alisema jina la Mungu. Mhaya alishika mdomo kwa mikono miwili, na mpangaji, mtu wa sinema zote zile, alirudi nyuma akamkanyaga mtu. Nyuma ya ukuta basi la Musoma lilipiga honi, na uwanja mzima wa watu wazima, saa ya mchana, ukaruka. Yule mama mwenye nusu kichwa alikamata kitu cha kwanza alichokiona karibu naye, akakishika kwa nguvu zote, na mtoto wake akajibanza hapo hapo.

Alikuwa amekamata mkono wa bibi yangu. Niliona alipotambua. Aliangalia mkono, akaangalia juu, akakutana na macho yale mekundu kwa karibu kabisa. Hakuachia.

"Tulia, mwanangu," bibi akamwambia, akimpakata mtoto. "Tupo pamoja." Halafu akanigeukia mimi. "Endelea."